Kosa la Tatu

Saa kumi na mbili asubuhi Devota Nyalusi alikuwa ameshainua mguu wa nyuma wa farasi, ameubana kati ya mapaja yake, anachokonoa ukwato kwa ndoano ya chuma. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa ya mabanda. Kutoka barabara kuu ya Mafinga zilisikika gia za malori ya mbao yakipanda mlima, moja baada ya jingine, lakini hata taa zake hazikuonekana.

Alikuwa ametembea saa nzima kutoka Mafinga mjini, kwa sababu bodaboda walikuwa wamepandisha tena nauli wiki ile. Gambuti zake zilikuwa na kiraka cha mpira wa tairi kwenye kisigino cha kushoto, na kiraka kilikuwa kimeanza kuachia. Soksi ilikuwa imelowa.

Farasi aliyekuwa naye aliitwa Majivu, jike wa kijivu mwenye tumbo jeupe. Kila asubuhi Devota alianza na yeye. Angemwondolea maranda yaliyolowa mkojo, amtandikie mengine makavu kutoka kiwanda cha mbao, ampe maji, ampige brashi. Ukwato wa asubuhi huwa na maranda yaliyogandamana. Huu wa leo ulikuwa na udongo mwekundu mbichi.

Devota aliushusha mguu. Akapitisha kiganja chini ya manyoya ya shingo. Jasho.

Alijua ni nani aliyemtoa, bila kuuliza.

Shamba lile lilikuwa la mzee Murtaza, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi Iringa mjini, aliyependa farasi tangu utoto. Miaka mitatu nyuma alilikodisha kwa mradi wa kuwafunza kupanda farasi vijana waliopatikana na makosa. Walikuwa kumi na wanne. Walikuja na karatasi za mahakama, wakapewa kitanda, blanketi mbili, kofia ngumu ya kupandia, na buti za ngozi zinazofika chini ya goti. Walipewa mwalimu wa farasi na mshauri wa kuzungumza naye kila Jumatano. Asubuhi walikunywa uji wa maziwa.

Devota alikuwa na stashahada ya maendeleo ya jamii kutoka chuo kimoja cha Iringa. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Hakuwahi kuiba hata kalamu. Usaili wa mwisho alioufanya ulikuwa na watu mia sita kwa nafasi mbili, na kila mahali alipopeleka maombi waliuliza uzoefu. Basi akaja hapa kutafuta uzoefu. Aliambiwa ajitolee miezi mitatu, na sasa ulikuwa mwezi wa kumi na nne. Alipewa chakula cha mchana. Kupanda farasi hakuruhusiwa.

"Bima inawahusu vijana na mwalimu," meneja Liberatus alimwambia siku ya kwanza. "Wewe wa kujitolea ukidondoka, nani atajibu?"

Mama yake alikuwa akipiga simu kila Jumapili kutoka Idodi. Akishasalimia "kamwene", swali lililofuata lilikuwa lile lile. Wameshakuajiri? Devota alijibu bado kidogo, mama. Mwezi huu lakini alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mradi ulikuwa umepata nafasi moja ya msaidizi wa mwalimu, yenye mkataba. Aliandika barua kwa mkono mara nne ndipo akaridhika na mwandiko. Jibu lingetolewa leo Ijumaa, mbele ya wageni. Ndani ya mkoba alikuwa na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi, amefunga kwa kanga isikunjike.

"Dada Devo, kumekucha salama?"

Tumpe alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, kofia mkononi, buti zina udongo mwekundu mpaka kwenye vifundo. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, mfupi, mwenye mabega ya kubeba mizigo. Alitoka Mbeya, mitaa ya Mwanjelwa. Yeye na wenzake watatu walivunja duka la simu, na mlinzi alipomkamata, Tumpe alimchana mkono kwa chupa. Mahakama ilimweka chini ya uangalizi, na mwezi wa kwanza akaletwa hapa. Alikuwa hajawahi kumwona farasi maishani. Wiki ya tatu alikuwa anaruka magogo.

"Ulimtoa Majivu saa ngapi?" Devota aliuliza.

Tumpe aliangalia chini. "Kumi na moja."

"Kanuni inasemaje?"

"Hakuna kumtoa farasi bila mwalimu." Aliisema kama mtoto anayekariri. "Lakini dada, leo wageni wanakuja. Ule mruko wa tatu ulikuwa unanizingua, jana nilikosea mara mbili. Nikasema nikajaribu kidogo. Sasa hivi uko freshi."

"Una makosa mangapi kwenye fomu?"

"Mawili." Wote wawili walijua. La kwanza ni ugomvi na msichana mwenzake wa chumbani. La pili ni kutoka getini bila ruhusa, alikwenda kukaa juu ya tuta akiangalia malori yanayokwenda Mbeya. Kanuni za mradi zilibandikwa mlangoni mwa ofisi: kosa la tatu, kijana anarudishwa alikotoka. Na fomu ya kila Ijumaa iliyokwenda kwa ofisa wa ustawi wa jamii ilijazwa na Devota, kwa sababu Liberatus hakupenda kuandika.

"Usinichomee, dada," Tumpe alisema. "Nakuomba. Ndaga fijo."

Alisema asante kabla hata hajapewa kitu. Devota alichukua brashi akaanza kumsugua Majivu shingoni, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Kaoshe buti," alisema.

Tumpe aliondoka mbio. Majivu alinyoosha shingo, akamfuata kwa macho mpaka alipopotea kwenye ukungu, kisha akatoa mlio mdogo wa puani. Devota alisimama, brashi mkononi. Miezi kumi na minne ya maranda, maji na kwato, na mnyama huyu hajawahi kumlilia yeye hata siku moja.

*

Wageni walifika saa nne na nusu, ukungu ukiwa umeshapanda. Kulikuwa na wanawake wawili wa shirika la wafadhili kutoka Dar es Salaam, mzee Murtaza mwenyewe akiwa na fimbo, na Bwana Sosthenes, ofisa wa ustawi wa jamii, aliyekuja na gari la serikali na dereva. Devota alikuwa ameshavaa blauzi yake. Alipitisha trei ya chai na maandazi.

Mzee Murtaza alichukua kikombe, akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Na wewe, binti? Ulifanya kosa gani?"

"Mimi? Sijafanya kosa, mzee. Mimi ni wa kujitolea."

"Ah," mzee alisema. "Vizuri." Akageuka kumtafuta mtu wa kuongea naye.

Devota alisimama na trei yake. Maneno aliyoyasema yalikuwa ya kweli, na bado aliona aibu, kama mtu aliyefika kwenye sherehe bila mwaliko.

Tumpe aliingia uwanjani juu ya Majivu. Buti zilikuwa zinang'aa. Aliketi wima, viganja chini, hatamu hazikukaza wala hazikulegea. Alimzungusha farasi mara mbili kwa mwendo wa mchakamchaka, kisha akamwachia. Mruko wa kwanza ulikuwa mdogo. Wa pili ulimfanya mmoja wa wanawake wa Dar ashike kifua. Kwenye ule wa tatu, gogo la msonobari lililoinuliwa mpaka kiunoni mwa mtu, msichana na mnyama walipanda pamoja na kushuka pamoja, na kwato zikagusa nyasi bila kishindo.

Watu walipiga makofi. Vijana wenzake walipiga miluzi. "Tumpe! Noma sana!"

Devota naye alipiga makofi. Kitu kilimwingia moyoni. Hakikuwa hasira. Angekuwa na hasira angejua pa kuipeleka. Aliitazama ile miguu ndani ya buti za ngozi, aliyatazama mabega yaliyokaa sawasawa, akawaza: mimi kama ningevunja duka, ningekuwa pale juu. Akalirudia wazo lile kwa maneno yale yale, na kila aliporudia lilizidi kuonekana la haki.

Baada ya makofi Liberatus alisimama na karatasi. Alishukuru wafadhili, akamshukuru mzee, akamshukuru ofisa. Kisha akasema mradi umeamua jambo la kihistoria. Nafasi ya msaidizi wa mwalimu haitakwenda kwa mtu wa nje. Itakwenda kwa kijana wa mradi wenyewe, ili dunia ione kwamba kijana anaweza kubadilika.

"Tumpe Mwakalobo, simama!"

Tumpe alikuwa ameshasimama. Mdomo ulikuwa wazi. Mmoja wa wanawake alimkumbatia, mwingine akapiga picha.

"Na tusimsahau Devota," Liberatus aliendelea, "mwenye moyo wa ajabu wa kujitolea. Devota ataendelea kuwa nasi. Atamfundisha Tumpe kujaza rejista, maana mwandiko, jamani, bado!" Watu walicheka. Devota alipewa tisheti yenye nembo ya mradi na cheti kilichoandikwa jina lake kwa makosa: Devotha, na h.

"Hongera sana, binti," Bwana Sosthenes alimwambia akimpa mkono. "Moyo huo huo."

*

Wafadhili na mzee Murtaza waliondoka baada ya chakula. Bwana Sosthenes alibaki akisubiri makaratasi yake. Devota aliingia ofisini, akafunga mlango, akaketi mbele ya fomu.

Majina kumi na manne. Alijaza ya wengine haraka: hakuna, hakuna, hakuna. Alipofika kwenye jina la Tumpe alisimama. Alijiambia kwamba kazi yake ni kuandika kilichotokea. Alijiambia kwamba farasi angeweza kuvunjika mguu gizani. Yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililoisukuma kalamu. Aliandika: *Alimtoa farasi saa kumi na moja alfajiri bila ruhusa wala mwalimu. Kosa la tatu.* Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama ule wa barua ya maombi. Akatia sahihi, akatoka, akampa ofisa mkononi.

Alidhani atajisikia ameshusha mzigo. Alikwenda kuosha vikombe.

Haikupita nusu saa Liberatus akamwita, amekunja uso. "Umeandika nini wewe? Yaani leo? Siku ya leo?"

"Nimeandika kilichotokea."

"Ungeniambia kwanza mimi! Ikishaandikwa na ofisa akaisoma, mimi nifanye nini? Yule bwana anamrudisha leo hii. Anasema gari lipo, dereva yupo, kwa nini aje safari nyingine." Alishika kichwa. "Na nafasi ndiyo imekwenda."

"Imekwenda wapi?"

"Imekwenda! Wafadhili wameitoa kwa kijana wa mradi. Hakuna kijana, hakuna nafasi. Nitawaeleza nini mimi?" Akashusha pumzi. "Haya, kapokee vifaa. Kila kitu cha mradi kibaki, uandike kwenye rejista."

Tumpe alikuwa ameketi kwenye ngazi ya stoo, mfuko wa nailoni wa nguo zake pembeni. Kofia alishaitoa. Alikuwa anavua buti, kwanza ya kulia, kisha ya kushoto, akazipanga vizuri pamoja. Miguu yake mitupu ilikaa juu ya saruji. Hakuwa na kandambili. Alipoletwa mwezi wa kwanza alikuwa nazo, zilikatika.

Devota aliinama akazichukua. Bado zilikuwa na joto. Ndani, kwenye ngozi, namba ilisomeka: thelathini na nane. Namba yake.

Tumpe hakuuliza ni nani aliyeandika. Alitazama upande wa uwanja, ambako lile gogo lilikuwa bado limeinuliwa.

"Lakini niliruka vizuri," alisema. "Au siyo, dada?"

Devota naye alilitazama gogo.

"Uliruka vizuri sana," alisema. Akaziweka buti chini pale pale zilipokuwa. "Vaa."

"Nini?"

"Vaa, nimesema. Usiondoke hapo."

*

Bwana Sosthenes alikuwa ameshaketi kiti cha mbele, mlango wazi, anajichokonoa meno. Liberatus alikuwa amesimama pembeni.

"Ofisa, shikamoo," Devota alisema. "Nimekosea kwenye fomu. Nimesahau kuandika kitu."

"Kitu gani?"

"Mimi ndiye niliyemruhusu. Nilimwambia jana jioni amtoe Majivu alfajiri, amzoeshe ule mruko wa tatu. Kosa si lake."

Liberatus aligeuka haraka. Alikuwa anajua Devota anadanganya, uso wake ulisema hivyo, lakini hakumpinga.

Ofisa alimtazama kuanzia gambuti mpaka kwenye blauzi. "Wewe ni nani hapa?"

"Devota Nyalusi. Ninayejaza fomu."

"Cheo chako?"

"Wa kujitolea."

"Sasa mtu wa kujitolea ana mamlaka gani ya kuruhusu? Huna mamlaka. Kwa hiyo hata kama ulimruhusu, hukumruhusu. Kosa liko pale pale." Alikuwa anaongea taratibu, kama anayemfundisha. "Umeelewa, binti? Haya, mlete huyo mtoto, jua linakwenda."

Devota hakuondoka. Alikuwa ameshika mlango wa gari, na aligundua kwamba ameushika kwa mikono miwili.

"Sina mamlaka," alisema.

"Ndiyo."

"Mwaka mzima na miezi miwili umekuwa ukichukua fomu yenye sahihi yangu. Umewarudisha vijana wawili kwa sahihi yangu. Yule wa Makambako, na yule mdogo wa Njombe. Hukuniuliza cheo."

"Binti, toa mkono kwenye gari la serikali."

"Kama sina mamlaka ya kumwokoa mtu, sina mamlaka ya kumfukuza. Kama sahihi yangu ni halali kwenye karatasi ile, nipe karatasi nyingine niandike maelezo, niweke sahihi ile ile. Uzipeleke zote mbili mahakamani, wachague wao." Bado alikuwa ameushika mlango. "Au sema fomu zote za mwaka mzima zilijazwa na mtu asiyetakiwa kuzijaza."

Dereva aliyekuwa anachezea simu aliacha kuchezea. Bwana Sosthenes alimtazama Liberatus.

"Meneja, fomu hizi ni nani anayetakiwa kuzijaza kisheria?"

Liberatus alikohoa. "Kisheria, ni... mwajiriwa."

"Na kwa nini anajaza huyu?"

"Hatuna mwajiriwa wa kuzijaza, mkuu."

Ofisa alitoa fomu kwenye bahasha, akaitazama ile sahihi, akairudisha. Alikuwa ameshaona maneno yake mwenyewe yanampeleka wapi: fomu zote alizopokea zingekuwa batili.

"Aandike," alisema mwisho. "Mtoto abaki, asipande farasi mpaka tuchunguze. Na huyu," alimnyooshea Devota kidole bila kumwangalia, "amekiri mwenyewe kuvunja kanuni. Sitaki kumwona hapa."

Devota aliandika akiwa ameegemea boneti, wakati dereva ametumwa stoo kumwambia mtoto abaki. Mistari sita. Gari likaondoka, likapotea kwenye misonobari.

Liberatus alibaki akipapasa mifuko yake kama aliyepoteza kitu. "Umeniweka pabaya sana," alisema. "Barua yako ya kusimamishwa nitaiandika leo." Akatazama mabanda. "Ila kesho asubuhi uje tu. Kidogo, mpaka nipate mtu. Nani atawasafisha wale?"

"Sitakuja, bosi."

"Devota, usiwe hivyo. Wanyama hawana kosa."

"Mimi pia sina," Devota alisema. "Tangaza kazi. Iwe na mshahara. Watakuja mia sita."

Alichukua mkoba wake. Alikuwa ameshavuka geti aliposikia mtu anakimbia nyuma yake. Tumpe alisimama hatua moja ndani ya geti, pale ambapo kanuni zilimruhusu kufika, akihema.

"Dereva ameniambia ulivyosema," alisema. "Na yeye ndiye aliyeniambia nani aliandika." Alimeza mate. "Mbona uliandika, dada? Mimi nilikukosea nini?"

Devota angeweza kumwambia habari za kanuni, au za miguu ya farasi gizani. Alikuwa amechoka.

"Nilikuonea wivu," alisema.

Tumpe alikunja uso, kama aliyeambiwa neno la lugha nyingine. "Nani?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi Tumpe?"

"Wewe. Buti, farasi, kazi, kupigiwa makofi. Kila kitu. Hata sasa."

Tumpe alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya geti, kicheko cha kweli, kisha kikamkatikia na akabaki amesimama, macho yameloa, akimtazama Devota kwa mshangao.

"Hakuna mtu aliyewahi kunionea wivu," alisema. "Tangu nizaliwe."

Kengele ya kulisha farasi ililia. Kijana mmoja aliita jina lake kutoka mabandani, na Majivu akalia naye. Tumpe aligeuka, akasita.

"Unarudi lini?"

Devota alitikisa kichwa. Tumpe alisubiri kidogo, kama jibu lingeweza kubadilika, kisha akakimbia kuelekea kwenye ule mlio. Devota alimwangalia mpaka alipoingia bandani. Wivu ule ulikuwa bado naye, haukupungua hata kidogo. Aliukaza mkoba begani, akashuka kwenda barabara kuu, ambako kulikuwa na lori la mbao limepunguza mwendo kwenye mlima, na utingo juu ya shehena akipaza sauti kumuuliza kama anakwenda mjini.